Glasi Ni Ile Ile, Tumbo Si Lile

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, nakaa Tanga mjini. Miezi 20 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huko India, ule wa baipasi. Nilikuwa na kilo 124, sasa nina 79, na kisukari kimeniacha. Zamani nilikuwa nakunywa kwenye sherehe tu, bia tatu nne, na narudi nyumbani salama. Mwezi uliopita kwenye sendofu ya mdogo wangu, Raskazone, nilikunywa glasi mbili za waini. Haikufika robo saa ulimi ukawa mzito, nikawa nacheka yasiyochekesha, kisha nikanyamaza kabisa. Niliendesha gari hadi Kange lakini njia siikumbuki. Asubuhi nimelikuta gari limepanda juu ya maua. Dada yangu anasema waini ilitiwa kitu. Mume wangu anasema nimezeeka. Binamu yangu wa Pangani anasema niachane na vya dukani, ninywe mnazi, ni kitu cha asili. Daktari wa India aliniambia nisubiri miezi sita, nami nimesubiri zaidi ya mwaka. Je, mshono umeachia? Ninaweza kunywa au ndiyo basi tena? Mwezi ujao kuna harusi ya shemeji yangu. Na niwe mkweli: siku hizi watoto wakilala huwa najimiminia glasi moja, mara tatu au nne kwa wiki, inanituliza. Naomba usitaje jina.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina silitaji, na mambo mawili matatu katika barua yako nimeyageuza ili shoga zako wasikutambue.

Nianze na mshono. Haujaachia. Mshono wa ndani ukiachia huachia mapema, siku za mwanzo au wiki chache baada ya upasuaji, na hauji na vicheko: huja na maumivu makali ya tumbo, homa, na moyo kwenda mbio. Wewe umeshavuka huko. Kuhusu waini kutiwa kitu, sikuwepo ukumbini, siwezi kuapa. Lakini uliyoyaeleza ndiyo hasa yanayompata mtu wa baipasi akinywa waini safi isiyo na chochote. Na hilo la kuzeeka, mwambie mumeo pombe hiyo ingemiminwa moja kwa moja kwenye utumbo wake, naye angezeeka jioni ile ile.

Kwa kuwa ni mtu wa Tanga, nikueleze kwa bandari yetu. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika gatini, kina cha maji hapo kilikuwa mita 3 tu. Zilitia nanga huko nje, matishari yakawa yanakwenda na kurudi, yanashusha mzigo kidogo kidogo. Kisha kina kikachimbwa hadi mita 13, gati likatengenezwa upya, na sasa meli inakuja kulala ubavuni mwa gati na mzigo unashuka kwa mkupuo. Mzigo haukuongezeka hata kilo. Kilichobadilika ni kasi ya kufika mjini.

Tumbo lako la kuzaliwa ndiyo ile nanga ya nje. Pombe hunyonywa kidogo tu tumboni. Mahali inapoingia kwenye damu hasa ni utumbo mwembamba. Kati ya tumbo na utumbo kuna mlango, msuli wa mviringo unaofunguka na kufunga, unaruhusu kidogo kidogo. Wakati pombe inasubiri zamu yake, ukuta wa tumbo una vimeng'enya vinavyoivunja sehemu kabla haijafika popote. Sasa kwenye baipasi daktari alitenga kijifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, cha kama mililita 30, akakiunganisha na utumbo mwembamba. Tumbo lililobaki bado limo ndani, ila unachokula na kunywa hakipiti huko tena, wala hakipiti kwenye ule mlango. Ukitaka kuziona hizo mililita 30 kwa macho, msimamishe muuza kahawa pale Ngamiani, mwambie akumiminie nusu tu ya kile kikombe chake kidogo. Hilo ndilo tumbo lako. Glasi ya waini haiwezi kukaa humo hata ikitaka. Inapita tu, na inapofika ndipo gatini.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliolipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2015. Walichukua wanawake waliokwishafanyiwa baipasi, na wengine waliokuwa bado wanasubiri upasuaji, wakawapa wote kiasi cha pombe kinacholingana na vinywaji viwili vya kawaida, kisha wakawatoa damu kila baada ya muda mfupi. Wale waliokuwa bado hawajapasuliwa, pombe ilifika kileleni baada ya karibu nusu saa, kiwango miligramu 60 katika mililita 100 za damu. Wenye baipasi ilifika kileleni ndani ya dakika kama 5, kiwango 110. Kwa maneno mengine, walikunywa viwili, damu ikasoma vinne.

Sasa ziweke namba hizo kando ya sheria ya barabarani. Hapa Tanzania mwisho ni miligramu 80. Mwenye 60 akisimamishwa na trafiki anaendelea na safari. Mwenye 110 ni mlevi mbele ya sheria, ingawa wote wamekunywa sawa, meza moja, chupa moja.

Na hizo zilikuwa glasi za maabara. Za ukumbini nazifahamu. Fanya hivi siku moja: chukua ile glasi kubwa ya waini, ijaze maji kama wanavyojaza wahudumu wetu wenye mkono mwepesi, kisha uyamimine kwenye jagi lenye vipimo. Utakuta mililita 250 hivi, wakati glasi inayohesabiwa kuwa moja vitabuni ni 150. Hesabu ya pombe yenyewe ni rahisi, fundi cherehani anaiweza: zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, zidisha kwa 0.8, gawa kwa 100. Unapata gramu. Waini ya asilimia 12, mililita 250, ni gramu 24. Chupa kubwa ya bia, mililita 500 za asilimia 5, ni gramu 20. Kichupa cha Konyagi cha mililita 200, chenye asilimia 35, ni gramu 56, na wapo wanaokimaliza wakisubiri chakula. Shirika la Afya Duniani linahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Kwa hiyo wewe ukumbini hukunywa viwili. Ulikunywa karibu vitano, na kwa tumbo lako jipya damu ikavipokea kama zaidi ya hapo. Kilo 45 ulizopunguza nazo zimechangia kidogo, kwa kuwa mwili mdogo una maji machache ya kuisambaza pombe. Ukiongeza na ukweli kwamba siku ya sendofu mtu hali kitu tangu asubuhi, sishangai gari lilipanda maua. Nashangaa liliishia kwenye maua tu.

Hapo kwenye gari nitasimama kidogo, unisamehe. Umevuka mji mzima, Raskazone hadi Kange, usiku, bila kumbukumbu. Maana yake kwa dakika zile ubongo wako ulikuwa hauandiki. Bodaboda wetu hawana taa za nyuma nusu yao, na waendesha baiskeli wa Tanga sote tunawajua. Ini linaisafisha pombe kwa mwendo wake, kama miligramu 15 kwa saa, na upasuaji haukuliongezea kasi. Ukitoka ukumbini saa sita usiku una 110, utafika sifuri saa moja na ushei asubuhi. Kahawa haiharakishi, kuoga hakuharakishi, maji ya ndimu hayaharakishi. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Mtu wa baipasi akishaonja, hata kidogo, usukani si wake tena mpaka kesho.

Najua watakuja wa "kula kwanza". Kwa mtu mwenye tumbo zima ushauri huo una maana, kwa sababu chakula hufanya ule mlango ubane na pombe icheleweshwe. Kwako mlango haupo njiani, kwa hiyo supu ya pweza haitakulinda kama zamani. Tena wewe umefundishwa usinywe kitu cha majimaji pamoja na chakula, usubiri kama nusu saa. Ukijaribu kula ili unywe, unavunja sharti moja ili uvunje jingine.

Wasomaji waliofanyiwa ule upasuaji mwingine, wa kukata sehemu kubwa ya tumbo likabaki kama ndizi, nao siwaachi. Nyinyi mlango wenu upo, lakini tumbo jembamba linasukuma vitu haraka, na kundi hilo hilo la St. Louis lilipokuja kuwapima baadaye lilikuta pombe inapanda karibu sawa na kwa wenye baipasi. Msijione mmepona.

Binamu yako wa Pangani ana nia njema. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye minazi, sina ugomvi na tembo. Ila asili si kipimo cha usalama, hata gongo ni la asili kwa anayelipika. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu, una sukari nyingi na pombe kidogo. Sukari ile ile inaendelea kuchacha kadiri jua linavyopanda, na wa jioni si wa asubuhi. Kwa hiyo asubuhi utakupiga kwa sukari: ikishuka ghafla kwenye utumbo unapata jasho, moyo unadunda, tumbo linakoroga, unakimbilia chooni. Jioni utakupiga kwa pombe. Na kibuyu hakina lebo ya kufanyia ile hesabu yetu. Mgema wa methali hulitia tembo maji akisifiwa, lakini usitegemee kumpata huyo. Gongo silizungumzi sana, ni haramu kisheria na linaweza kuwa na methanoli inayopofusha macho na kuua. Kwa mtu ambaye kila kitu kinafika gatini kwa mkupuo, halina hata la kujadiliwa.

Kuna jambo hukuuliza nami naliogopa kuliko ulevi wenyewe. Ulikuwa na kisukari, kikakuacha. Baada ya baipasi baadhi ya watu hupata kinyume chake: saa moja hadi tatu baada ya kula vitamu, insulini hutoka kwa wingi na sukari ya damu huporomoka. Kwa kawaida ini huokoa jahazi kwa kutoa sukari ya akiba na kutengeneza mpya. Lakini ini lenye kazi ya kuvunja pombe haliwezi kutengeneza sukari mpya ipasavyo, na wewe ambaye siku hizi unakula kidogo akiba yako si kubwa. Sasa tazama dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, ulimi mzito, kuyumba, maneno yasiyoeleweka, usingizi. Ndizo dalili za ulevi! Zamani nikiwa daktari kijana, zamu ya usiku, aliletwa mama mmoja ananuka pombe, amelegea. Tukamweka kando, tukasema akilala itamtoka. Muuguzi mmoja mzee, hakutuuliza, akamchoma kidole akapima. Sukari ilikuwa 1.8 (mmol/L), imeshuka vibaya. Mpaka leo nikiona mlevi nanyoosha mkono kutafuta kipima sukari kabla ya kitu kingine.

Kwa hiyo wafundishe wa nyumbani, mumeo na dada yako. Wakikuona umelegea baada ya kunywa, wasiseme "mwacheni alale", wala wasianze kutafuta nani kakurushia jini. Wapime sukari. Kile kipimo chako cha zamani cha kisukari usikigawe, na uangalie vijiti vyake visiwe vimepitwa na muda. Ikiwa chini ya 3.9 na unameza vizuri, wakupe sukari iliyokorogwa kwenye maji au juisi, wapime tena baada ya dakika 15, ikishapanda ule chakula kidogo. Ikiwa huitiki, wasikutie kitu mdomoni. Wakulaze ubavu, wakupeleke hospitali, na wamwambie daktari maneno mawili ya kwanza: baipasi, pombe.

Jambo jingine ni vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache, pombe huzuia isinyonywe, na kutapika huimaliza. Aliyefanyiwa baipasi, anayekunywa, na anayetapika siku kadhaa mfululizo, akaanza kuchanganyikiwa, macho kucheza na miguu kuyumba hata bila kunywa, huyo ubongo wake unaumia na una saa chache za kuokolewa. Anahitaji B1 ya sindano, na ianze kabla au pamoja na dripu ya sukari, isije ikawa dripu inatangulia peke yake. Wali wetu mweupe hautakusaidia, mashine ya kukoboa imeitoa B1 pamoja na pumba. Kunde na maharage vinayo. Lakini vidonge vyako vya vitamini ndivyo hasa, na hivyo ni vya maisha. Wengi wanaviacha mwaka wa pili kwa sababu wanajisikia vizuri.

Na ukiamka na kichwa kinagonga, usimeze diclofenac wala ibuprofen, hata kama duka la dawa wanakupa bila kukuuliza. Dawa hizo, sigara na pombe ni vitu vitatu vinavyochimba vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Unene kurudi? Unaweza kurudi, glasi yako ile ina kalori kama 170 kwa pombe yake tu, lakini hilo katika orodha yangu liko chini sana. Mimba: kama unatarajia kupata mtoto wa tatu, jibu ni sifuri, na kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango ongea na daktari wako, kwani baada ya baipasi haviaminiki sana.

Sasa hii miezi sita ya India. Daktari wako hakukosea, ila nadhani ulisikia kitu ambacho hakukisema. Miezi ya mwanzo tunakataza pombe kwa sababu kidonda cha ndani kinapona, uzito unaporomoka kwa kasi, mtu anakula vijiko vichache na ini lina kazi nyingi. Ni kizuizi cha hatari za wakati ule. Wagonjwa wengi wanakichukua kama edda: siku zikiisha, mtu yuko huru. Lakini ule muungano wa utumbo hauishi siku. Wale wanawake wa St. Louis walipimwa mwaka mmoja hadi mitano baada ya upasuaji, na damu zao bado zilipokea pombe vile vile. Muda hauturudishii tumbo la zamani.

Tena kwa upande mmoja, muda unaongeza hatari. Hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kote nilikopita. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 2,000 katika hospitali kadhaa kwa miaka mingi. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, matatizo ya pombe hayakuongezeka. Mwaka wa pili yakaanza kupanda. Walipofika mwaka wa tano, katika wenye baipasi ambao mwaka mmoja kabla ya upasuaji hawakuwa na dalili yoyote ya tatizo la pombe, mmoja kati ya watano, asilimia 20.8, alikuwa ameshapata dalili hizo. Waliofungwa mkanda tumboni badala ya baipasi walikuwa asilimia 11.3.

Watu hupenda kusema mgonjwa amehamisha uraibu, ameacha chakula akaenda kwenye chupa. Lina ukweli kiasi, lakini silikubali lote. Mwenye mkanda naye amenyang'anywa sahani yake, mbona wao ni nusu tu? Mimi naona kasi ile ya gatini ndiyo inayofundisha ubongo. Kitu kinachotuliza baada ya nusu saa ubongo haukifungamanishi sana na glasi. Kinachotuliza ndani ya dakika tano, mbele ya macho, ubongo unakiandika na kukipigia mstari. Kesho saa tatu usiku, watoto wamelala, unakukumbusha.

Na wewe uko mwezi wa 20. Ndiyo maana barua yako nilipoisoma sikushtuka sana na sendofu. Sendofu ni ajali. Nilisimama pale pa mwisho, ulipoandika "inanituliza". Zamani ulikunywa kwenye sherehe, kati ya watu. Sasa unakunywa peke yako, sebuleni, kwa ratiba. Glasi moja ukiihesabu kwa macho ni moja. Kwa gramu ni mbili na ushei, kwa damu yako ni nne au zaidi. Mara nne kwa wiki. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo alama 8 na kuendelea ni kengele. Ukilijaza kwa hesabu ya glasi utatoka msafi. Lijaze tena ukihesabu kama damu inavyohesabu, uone.

Sikusemi, mwanangu. Mji wetu una macho mengi, na mwanamke anayekunywa husemwa mara mbili ya mwanamume anayekunywa mara nne yake, kwa hiyo ninaelewa kwa nini glasi imehamia sebuleni baada ya saa tatu. Lakini siri hiyo ndiyo inayoifanya isionekane, na kisichoonekana hakipimwi. Hata kliniki zetu zinasaidia kukificha: mwaka wa kwanza mgonjwa anaitwa kila baada ya miezi michache, wa pili anaambiwa "uko vizuri, njoo mwakani", na huo ndio mwaka hatari inapoanza.

Jibu langu kwako, basi, si jibu ambalo ningempa kila mtu. Mtu aliyemaliza mwaka wa kwanza, asiye na historia ya pombe kwake wala kwao, hajawahi kupata sukari kushuka, ini zima, naye anataka kuonja kidogo siku ya harusi, simfungii mlango. Namwambia glasi ndogo moja, ya kupimwa, pamoja na mtu anayejua upasuaji wake, na gari libaki nyumbani. Wewe umepoteza kumbukumbu barabarani, ulikuwa na kisukari, na umeanza kunywa kwa kujituliza. Wewe nakuambia uache. Anza na siku 30 bila tone, harusi ya shemeji ikiwemo. Mwambie mumeo, na umwambie kwa nini. Siku ya tano au ya kumi utajua mengi kuhusu ile glasi kuliko ninavyoweza kukueleza hapa: kama hukuikumbuka, vizuri, kama saa tatu usiku ulikuwa unazunguka jikoni huku unafungua na kufunga kabati, hapo kuna kazi ya kufanya, na si ya peke yako.

Ukiacha ukaanza kutetemeka mikono, kutokwa jasho, kukosa usingizi, au ukaona visivyoonekana, usijikaze kiume. Kuacha ghafla kwa mwili uliozoea kunaweza kuleta degedege. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hata bila hayo, fika Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na daktari wa afya ya akili. Usiogope jina la kitengo. Tatizo la pombe ni ugonjwa wa hapo kama malaria ilivyo ugonjwa wa kwingine, na zipo dawa na mazungumzo yanayosaidia. Beba karatasi zako za India zote. Waombe wakupime ini, wingi wa damu, madini ya chuma, B12 na vitamini D, na utaje wazi kwamba unakunywa. Ukificha hilo, vipimo vyako vitasomwa vibaya.

Kuhusu harusi yenyewe. Usikae mikono mitupu, maana mtu mwenye mikono mitupu ukumbini kila mhudumu anamwona mhitaji. Nenda na chupa yako ya maji, au waombe juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari uishike mkononi na uinywe kidogo kidogo. Soda ziache, gesi yake inakijaza kile kijifuko na sukari yake nimeshaieleza. Wakikuuliza mbona hunywi, sema unatumia dawa, nayo ni kweli, vitamini ni dawa. Dada yako mweke karibu na umwambie asikumiminie. Na funguo za gari mkabidhi mtu asiyekunywa kabla hujashuka mlangoni, au liache gari Kange upande bajaji.